Marejeo ya tasnifu: uchape mwenyewe au uiachie Zotero?

Kwa mwanachuo wa Tabora, gharama haziamui chochote. Zotero, programu ya kompyuta inayotunza vyanzo na kupanga marejeo, ni ya bure, na ukishaipakua hufanya kazi hata bando likiisha. Kuchapa mwenyewe nako kunadai macho tu: kwa APA toleo la 7 (mtindo mmojawapo wa kuandika marejeo), chagua orodha kwenye Word, bonyeza Ctrl+T, mistari ya kila chanzo inayofuata ule wa kwanza inaingia ndani sentimita 1.27. Vyanzo 15 havihitaji zaidi ya hapo.

Vikifika 80, ni habari nyingine. Ukifuta aya, chanzo chake hubaki kwenye orodha kama kandambili za mgeni aliyekwisha kuondoka. Zotero hukitoa ukiisasisha orodha.

Ila Zotero haiyajui majina yetu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikiingizwa kama mtu, "Takwimu" inageuka jina la ukoo na "Ofisi" inabaki herufi O. Dawa: kwenye nafasi ya mwandishi, badili sehemu mbili ziwe moja. Na steshenari peleka PDF. Faili likihifadhiwa kwa programu nyingine, viungo vya marejeo vinaweza kukatika.

Unaandikia kwenye simu? Chapa mwenyewe. Una laptop, na msimamizi hajaamua kati ya APA na Harvard? Zotero hubadili mtindo wote kwa mibofyo michache.