Tathmini ya darasa la jioni la Kiingereza Kampala: somo la usemi wa taarifa

Katika darasa la jioni la Kiingereza nililohudhuria hapa Kampala, upande wa Nsambya, somo lililostahili ada yote niliyolipa ni lile la usemi wa taarifa, yaani namna ya kueleza kwa Kiingereza maneno yaliyosemwa na mtu mwingine. Ninawaandikia wasemaji wenzangu wa Kiswahili tunaoishi Uganda, wawe wametoka Kongo, Tanzania au Kenya, au wawe wamezaliwa hapahapa, ambao kazi zao zinadai barua na ripoti za Kiingereza. Mimi nimeajiriwa katika ofisi ya uwakala wa forodha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuripoti: dereva aliyeko Malaba amesema nini, mteja amelalamikia nini, afisa ameagiza nini. Katika kazi hii sentensi moja iliyoungwa vibaya hutosha kumfanya mteja aamini kwamba ameahidiwa jambo ambalo hakuna aliyemwahidi.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, karatasi zinazopita mezani petu bado ni za Kiingereza, na madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yanayotumia Kiswahili kufafanua mambo ni machache mno mjini. Hili ni mojawapo, na nguvu yake yote imetokana na uamuzi huo wa kufafanua kwa Kiswahili.

Mwalimu hakuanza kwa kutufundisha "that" kana kwamba ndiyo iliyo ngumu. Alituonyesha kwamba umbo lenyewe tunalo tayari, kwa kuwa "Alisema kwamba mzigo umefika" na "He said that the cargo had arrived" zimejengwa kwa mpango uleule: kishazi kikuu, kiunganishi, kisha kishazi tegemezi. Ugumu, alisema, uko kwa mtu anayeambiwa. Kiswahili humwingiza mtu huyo ndani ya kitenzi, na kauli ya kutendea humfungulia mlango karibu kila mahali: aliniambia, alinielezea, alinipendekezea, alinithibitishia, alinitajia. Kiingereza hakina mlango wa namna hiyo. Kila kitenzi kina desturi yake, na asiyeijua desturi hiyo hukosea hata kama anaitamka "that" vizuri kabisa.

Hapa ndipo somo lilipokuwa tajiri, na mwalimu hakuharakisha. Viko vitenzi vinavyomdai mtu papo hapo: "tell", "inform", "assure", "remind", "convince". Haisemwi "He told that the truck had left". Lazima aliyeambiwa atajwe, "He told me that the truck had left". Viko vingine visivyomkubali bila "to" kutangulia, navyo ni "say", "explain", "suggest", "mention", "announce", "admit" na "confirm", kwa hiyo tunaandika "He explained to me that the duty had gone up", wala si "He explained me that". Vichache kama "promise", "show" na "warn" huenda pamoja na mtu au bila mtu, vyovyote mwandishi apendavyo. Mgawanyo huu unapatikana katika vitabu vingi, lakini sijaona mahali pengine ulipofuatwa hadi kwenye kauli ya kutendwa, ambako ndiko wengi wetu huanguka. Kwa Kiswahili "niliambiwa kwamba" na "nilielezwa kwamba" zote ni safi. Kwa Kiingereza "I was told that" na "we were informed that" zinakubalika, kwa sababu vitenzi hivyo vilimchukua mtu moja kwa moja tangu mwanzo, ilhali "I was explained that" haikubaliki, na badala yake husemwa "It was explained to me that". Barua nyingi zinazoandikwa Kampala na watu wenye elimu nzuri zina kosa hilo, na halitokani na uzembe. Linatokana na msemaji kuendelea kufuata kanuni za lugha yake, ambazo kwa Kiswahili ni sahihi kabisa.

Sehemu ya "suggest" ilinifurahisha kuliko zote. Wengi husema "He suggested me to wait". Mwalimu aliandika ubaoni "Alipendekeza asubiri" na kutuuliza ile -e ya mwisho inafanya kazi gani. Tulipojibu kwamba ni dhamiri tegemezi, inayoonyesha jambo linalotakiwa lakini bado halijatendeka, aliandika chini yake "He suggested that she wait", ambapo "wait" haina "s" hata kidogo, kisha akaongeza kwamba Waingereza mara nyingi huweka "should" mahali hapo. Kutoka hapo alihamia kwenye "insist", kitenzi chenye hatari kubwa katika ofisi kama yetu. "The clerk insisted that he pay" maana yake karani alisisitiza mteja alipe. "The clerk insisted that he had paid" maana yake karani alishikilia kwamba mteja amekwisha kulipa. Mdai na shahidi wametenganishwa na umbo la kitenzi kimoja tu, na msemaji wa Kiswahili aliyeonyeshwa "alipe" na "amelipa" huielewa tofauti hiyo mara moja.

Alishughulikia pia usemi unaosikika kila siku mjini, ule wa kuweka "that" kisha kufuatisha maneno kama yalivyotoka kinywani: "He told me that come tomorrow", "She asked that where is the receipt". Katika Kiganda neno "nti" linaweza kutangulia maneno halisi ya msemaji, na hata sisi husema "aliniambia kwamba, njoo kesho" bila mtu kushtuka. "That" ya Kiingereza sanifu haipokei amri wala swali likiwa bado na umbo lake. Amri huwa "He told me to come the next day", na swali hugeuzwa likawa "She asked where the receipt was". Swali la ndiyo au hapana huchukua "whether" au "if" peke yake, bila "that" kutangulia. "Speak", "talk" na "discuss" havifuatwi na kishazi cha "that" kamwe. Hilo lilipita kwa dakika chache, nami naona zilitosha.

Jambo jingine lililofundishwa kwa uangalifu ni uzito wa kitenzi chenyewe. Sisi tuna "eti", inayomjulisha msikilizaji kwamba anayeripoti hayathibitishi anayoyaripoti. Kiingereza hukabidhi kazi hiyo kwa vitenzi kama "claim" na "allege". Anayeandika "The driver claimed that the seal was intact" amekwisha kumtilia dereva shaka, na anayeandika "admitted" amechukulia kwamba jambo ni la kweli na pengine ni la aibu. Katika ripoti ya mzigo uliopotea, kuchagua kimojawapo bila kufikiri ni kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa.

Sasa upungufu. Karatasi za darasa zinasema tu kwamba "that" inaweza kuachwa, na mazoezi yake hayazidi sentensi za kitoto. Ni kweli kwamba katika mazungumzo huachwa mara nyingi baada ya "say", "think" na "know", na kwamba hubaki zaidi baada ya vitenzi kama "reply" na "announce". Lakini mwandishi wa ripoti anahitaji kujua ni lini kuiacha kunaleta hasara. "He said yesterday that the truck had left" na "He said that the truck had left yesterday" zinatoa tarehe kwa matukio mawili tofauti. Ukiiondoa "that" ukaandika "He said yesterday the truck had left", msomaji hajui jana ni siku ya kusema au ya kuondoka, na gharama za kuhifadhi kontena huhesabiwa kwa siku. Vilevile "He said the truck had left and the seal was intact" haionyeshi kama habari ya lakiri ni ya dereva au ni ya mwandishi. "That" ya pili, baada ya "and", huondoa shaka hiyo. Haya yalistahili kipindi kizima.

Suala la wakati wa kitenzi nalo lilifundishwa kwa ukali usio na sababu. Ni sawa kukazia kwamba "Alisema atakuja" huwa "He said he would come", kwa kuwa Kiswahili hakirudishi wakati nyuma na kosa hilo hujitokeza kila mara. Lakini jambo linaloendelea kuwa kweli linaweza kubaki katika wakati uliopo, kama katika "She said that her office is in Jinja", na mwenzetu mmoja alinyimwa alama kwa sentensi iliyo sahihi ya aina hiyo. Nililitaja baada ya kipindi, nikajibiwa kwamba mtihani wa ndani unataka kanuni moja. Jibu hilo halikuniridhisha, kwa sababu watu wazima wanaolipa ada yao wenyewe wanafundishwa kwa ajili ya kazi, na kazini hakuna mtihani huo.

Chumba ni kidogo, nakala za karatasi nyingine zimefifia, na wanaotoka kazini mbali hukosa nusu saa ya kwanza kwa sababu ya foleni za jioni. Pamoja na hayo, ninalipendekeza darasa hili kwa makarani, wakalimani wa jamii, wauguzi na yeyote anayeandika maelezo ya watu wengine. Anayetaka mazungumzo ya kawaida tu atafute kwingine. Ukijiunga, nenda na barua au ripoti halisi kutoka kazini kwako, ukiwa umefuta majina, na umwombe mwalimu aipitie mbele ya darasa. Mwalimu hulikubali ombi hilo kwa moyo mkunjufu, na ndipo maswali ya kuacha "that" na ya wakati wa kitenzi hupata majibu ambayo karatasi zake hazina.