Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita naziamini, saa nina neno

Mpwa wangu alisafiri kwenda New York mwezi wa Agosti. Mama yangu halali mpaka ajue kila mtu yuko wapi, kwa hiyo akanituma: "Hebu nitafutie ni mbali kiasi gani, na atafika saa ngapi." Nikaingia kwenye tovuti moja ya bure inayokokotoa umbali kati ya viwanja vya ndege.

Niliandika "Nairobi", ikaniletea Wilson. Wilson ni kwa ndege ndogo za kwenda Mara. Boeing 787 ya New York inaruka kutoka JKIA, yaani uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta. Kwa safari ndefu namna hii tofauti ni kilomita chache tu, lakini jizoeze kuandika kodi za viwanja vyenyewe: NBO ya JKIA na JFK ya New York.

Jibu likaja: 6,393. Nilikuwa nishamsomea mama nilipokumbuka kwamba London tu ni kama kilomita 6,800. Marekani iwe karibu kuliko Uingereza? Kumbe zilikuwa maili za baharini, kila moja mita 1,852, na kitufe cha kubadilisha kipimo kimejificha chini kabisa. Kwa kilomita ni kama 11,840.

Nilichokipenda hasa ni ramani. Mama alitarajia mstari upite Kongo, Nigeria, kisha baharini. Badala yake ulipanda kaskazini-magharibi, ukakata Sahara hadi Moroko ndipo ukaingia Atlantiki. "Mbona inazunguka?" Nikachukua mpira wa watoto na uzi wa kushonea, nikauvuta uzi kutoka upande hadi upande: juu ya mpira njia fupi ndiyo hiyo, ni kwenye ramani bapa tu inapoonekana imepinda. Akaangalia, akanyamaza, halafu akamwita jirani aje aone.

Sasa kwenye muda ndipo ninapoipunguzia nyota. Tovuti inagawanya tu umbali kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, inapata saa 14 na dakika 48, basi. Ukigeuza safari inakupa jibu lilelile. Tiketi ya mpwa wangu ilionyesha karibu saa 15 kwenda na karibu 14 kurudi, kwa sababu juu kule Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi: ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Wala haikuniambia kwamba New York wakati huo iko nyuma yetu kwa saa saba. Nilihesabu kwa vidole: kutoka saa tano usiku, kufika saa nane mchana yetu, huko ikiwa saa moja asubuhi.

Nimeipa nyota 3 kati ya 5. Ni nyepesi, haimalizi bando, na haikudai nijisajili.

Siku yenyewe, saa nane kasorobo mama alikuwa ameshanipigia mara mbili. Ujumbe wa kijana ulikuja karibu saa tisa, akiwa bado kwenye foleni ya pasipoti.