Pigo Likikosa: Tathmini ya Kanuni za Bure za Dungeons & Dragons kwa Wachezaji wa Moshi

Kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa pamoja ambamo dadu huamua matokeo, ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons mwezi Januari 2023, na tangu hapo mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuzipakua, kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha kihalali, mradi awataje wenyewe. Ni faili moja lenye kurasa zaidi ya 400, zote za Kiingereza. Kwa kundi letu hapa Moshi uhuru huo ni jambo kubwa, kwa sababu kuagiza kitabu chenye jalada gumu kutoka nje ni gharama ambayo wengi wetu hatuimudu, ilhali sura ya mapigano ni fupi na steshenari yoyote ya mjini itakuchapishia. Ninazitathmini hapa kwa upande mmoja tu, ule ambao naamini ndio unaoamua kama watu watabaki na mchezo au watarudi kwenye simu zao: kanuni hizi zinafanya nini pigo linapokosa?

Hazifanyi lolote. Mchezaji hurusha dadu ya pande 20, huongeza nyongeza ya mhusika wake, na jumla ikifikia kiwango cha kinga cha adui, pigo limempata na dadu nyingine huamua kiasi cha madhara. Isipofikia, hakuna kilichotokea. Mchukue mpiganaji wa ngazi ya kwanza mwenye nyongeza ya 5 akimshambulia goblini, kiumbe mdogo mkorofi wa hadithi, mwenye kinga ya 15: anahitaji dadu ioneshe 10 au zaidi, kwa hiyo atakosa kwa asilimia 45, na uwezekano wa kukosa zamu mbili mfululizo ni kama mara moja kati ya tano. Wakiwa wachezaji watano, na msimulizi, yaani anayeuongoza mchezo, akiwa na maadui wake wa kuendesha, zamu mbili za namna hiyo ni muda mrefu wa mtu kuketi bila mchango wowote katika hadithi. Dada mmoja wa kundi letu, mwenye kipaji kikubwa cha kusimulia, alifikia mahali pa kurusha dadu, kuitazama na kusema tu, "Nimekosa, kaka, endelea na mwingine."

Linalonisikitisha ni kwamba kanuni hizi hizi zinajua njia iliyo bora zaidi, ila zimewapa wachawi. Mchawi anayerusha mpira wa moto huhesabu dadu nane za pande sita, na hata adui anayefaulu kuukwepa bado hupata nusu ya madhara. Ni kweli kwamba mchawi ana akiba ndogo ya uchawi wa aina hiyo kwa siku, na bei hiyo ni ya haki. Lakini zamu yake huacha alama uwanjani, na ya mwenye upanga huweza kupita kana kwamba hakuwepo.

Hata hivyo, dawa imo ndani ya faili lenyewe, kwa anayesoma kwa makini ukurasa wa silaha na mavazi ya vita. Kinga ya goblini si namba iliyoanguka kutoka mbinguni. Msingi wa kila mtu ni 10, vazi la ngozi linaongeza 1, wepesi wake unaongeza 2, na ngao inaongeza 2, jumla 15. Kwa hiyo jumla ya mshambuliaji inaeleza yenyewe kilichotokea: akipata 13 au 14, ngao ndiyo iliyozuia, akipata 11 au 12, goblini amekwepa, akipata 10 kamili, ncha imeteleza juu ya ngozi, chini ya hapo, pigo lenyewe lilikwenda kombo. Msimulizi halazimiki kubuni kitu, kwa kuwa namba imekwisha kumwambia.

Sisi tunacheza kisa kinachopita kwenye mahandaki ambayo Wachagga walichimba kujificha wakati wa vita, yale ambayo mgeni anaweza kuoneshwa Marangu, ambamo mtu hupita akiwa ameinama. Yule dada alichoma mkuki, akapata jumla ya 14. Badala ya kupita kwa mwingine, msimulizi alimwambia, "Mkuki umezama kwenye ngao na umekwama. Dada, unauchomoa, au unaivuta ngao pamoja nao?" Alichagua kuivuta, na kwa uamuzi huo goblini alibaki na kinga ya 13 hadi zamu yake ifike, huku dada mwenyewe akiwa hana silaha huru mkononi. Mchezaji aliyemfuata, mwenye nyongeza ileile ya 5, sasa alihitaji 8 tu, maana yake uwezekano wa kupata ulipanda kutoka asilimia 55 hadi 65. Pigo lilikosa kama kanuni zinavyosema, madhara hayakuongezwa hata pointi moja, na bado lilibadilisha vita. Vivyo hivyo, panga likikosa ndani ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, hukata mgomba, na mgomba ulioanguka njiani unamzuia adui na rafiki pia.

Kuna marekebisho mengine ambayo siyapendekezi hata kidogo, nayo ni zile orodha za ajali zinazomfanya mpiganaji ajikate au adondoshe silaha kila dadu inapoonesha 1. Kanuni zenyewe husema tu kwamba 1 ni kukosa, na zimeishia pazuri. Mpiganaji wa ngazi ya 20 hushambulia mara nne katika zamu moja, hivyo uwezekano wa kupata 1 angalau mara moja ni karibu asilimia 19, wakati mwanagenzi mwenye pigo moja ana asilimia 5; kadiri mtu anavyoijua kazi ndivyo anavyozidi kujiumiza, jambo ambalo halina mantiki na linawaonea wapiganaji peke yao.

Wabunifu wengine wamelishughulikia tatizo hili wazi. Mchezo wa 13th Age wa mwaka 2013 humpa mhusika madhara madogo yanayolingana na ngazi yake hata anapokosa, na kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2024 kimewapa wahusika waliobobea katika silaha chache, upanga mkubwa ukiwemo, uwezo wa kuumiza kidogo pigo linapokosa. Mchezo wa Cairn, ambao nao ni wa bure, umefuta kabisa kurusha dadu ya kulenga: kila pigo linapata, na vazi la vita hupunguza madhara. Kundi lenye wachezaji wawili watatu na muda mfupi wa jioni nalielekeza huko moja kwa moja.

Kwa kundi kubwa linalopenda ile pumzi inayobanwa dadu ikizunguka mezani, bado nazipendekeza kanuni hizi za bure. Pamoja na sura ya mapigano, chapisha ukurasa wa mavazi ya vita, na kabla ya mchezo kuanza msimulizi aandike kinga ya kila adui kwa vipande vyake, ngao ikiwa ya mwisho.