Masomo ya jioni Kirumba: mtoto anasoma, na mzazi anapewa kazi

Anayefanya biashara Mwaloni, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza, anaijua shida ya saa kumi jioni. Mtoto ametoka shule, mzigo wako haujaisha, na nyumbani hakuna wa kumwambia akae chini na daftari. Ndiyo maana vituo vya twisheni vimejaa kila kona ya Kirumba na Kitangiri, na vingi, tuseme ukweli, ni vya kushikia watoto tu. Binti yangu alianzia kimoja, sikitaji, ambako kazi ilikuwa kunakili ubao mpaka giza liingie. Madaftari yalijaa haraka, nikanunua mengine, na kichwani hakikuongezeka kitu.

Hiki ninachokiandikia kiko ndani kidogo ukitoka barabara ya kwenda uwanja wa ndege, nyuma ya mafundi cherehani. Hakina jina. Kibao kimeandikwa MASOMO YA JIONI kwa rangi ya bluu, basi. Ada ni Sh 20,000 kwa mwezi, na ukipeleka wawili, wa pili analipa nusu. Anayefundisha ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Sisi wazazi tunamwita Mwalimu, watoto wanamwita Bibi Mwalimu, na anaitika kote.

Kilichonifanya nibaki ni ujumbe wa sauti. Jioni watoto wakishaondoka, Mwalimu anatuma sauti kwenye grupu la wazazi, haifiki hata dakika moja. Hasemi mtoto wako amekosa nini. Anakupa swali moja la kumuuliza mtoto wakati unapika, na swali lenyewe analitoa kwenye shughuli zetu. Siku waliyosoma sehemu alisema: "Akina mama wa dagaa, waulizeni darasa la tano, sado moja ni sehemu gani ya debe?"

Mimi kwa sado ndiko ninakopata mkate wangu, lakini sikuwahi kuiwaza hivyo. Binti yangu akajibu palepale, debe ni lita 20, sado ni lita 4, kwa hiyo sado ni 1/5. Nikamwambia hayo ni ya kwenye karatasi, Jumamosi twende tukapime. Tukasawazisha debe la dagaa, tukaanza kuchota kama tunavyomchotea mteja, yaani unajaza mpaka mlima unamwagika pembeni. Zikatoka sado nne, debe likabaki tupu. Mtoto akasimama anahesabu vidole, kisha akasema mbele za wateja: "Mama, kumbe sado yenu ni robo! Hiyo nyongeza analipa nani?" Jirani yangu wa meza ya pili alicheka mpaka akakaa chini. Jumatatu Mwalimu akaichukua hesabu hiyo akaipeleka kwa darasa zima: muuzaji akinunua kwa debe la kusawazisha na kuuza kwa sado ya mlima, apange bei gani asile hasara? Nami niliipokea ile sauti kwa masikio mawili, maana sikuwa naiuliza kwa ajili ya mtoto peke yake.

Kusoma nako kuna utaratibu wake. Mtoto anasoma hadithi ya Kiswahili kituoni, halafu akifika nyumbani anamsimulia mtu ambaye hajaisoma. Kwetu huyo ni bibi yake, ambaye hajui kusoma na anapenda zaidi kusimuliwa kwa Kisukuma. Bibi si mtu wa kudanganywa. Anauliza huyo fisi mke wake alikuwa wapi wakati wote huo, na kwa nini sungura hakurudia njia aliyokujia. Mtoto ikabidi afungue kitabu tena atafute. Zamani alikuwa anasoma mbio kama anafukuzwa, ukimuuliza amesoma nini anakuangalia tu. Sasa anasoma polepole kwa kuwaogopa bibi na maswali yake.

Halafu kuna daftari dogo linalosafiri kati ya shule, kituo na nyumbani. Mwalimu alimwomba mwalimu wa darasa aandike mstari mmoja kwa wiki, asiandike zaidi. Nadhani hapo alitumia busara, kwa sababu tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa ya mjini yamefurika, na mwalimu mwenye watoto wote hao huwezi kumdai barua. Kwetu uliwahi kuja mstari wa maneno matatu: "Kugawanya bado. Anasinzia." Kugawanya tulikujua. Kusinzia ndiko kulikotushangaza, mpaka Mwalimu alipouliza mimi natoka nyumbani saa ngapi. Wiki ambazo boti za visiwani zinaingia na mzigo mwingi natoka alfajiri, na binti alikuwa anaamka kufunga mlango nyuma yangu, kisha hapati tena usingizi. Siku hizi anayefunga ni bibi.

Mikutano ya wazazi nayo inafuata ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, basi Mwalimu anaitisha mkutano kipindi hicho. Matokeo yake akina baba wanafika, jambo ambalo kwenye mikutano ya shule nimelizoea kwa kulikosa. Kwenye mkutano mmoja alitufafanulia habari ya mtaala mpya iliyokuwa inatusumbua. Watoto walioanza nao darasa la tatu mwaka 2024 watamalizia elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027, mwaka huohuo walio mbele yao wanamaliza darasa la saba. Kuna baba alikuwa ameshaanza kugombana na mkewe akidhani mtoto karushwa darasa. Alitufundisha pia kwamba vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Asiye na bando anatumiwa sura inayohitajika kwenye simu, na mwenye haja ya karatasi anaprinti kurasa mbili tatu steshenari.

Sasa kasoro, maana zipo. Chumba ni kimoja, darasa la tatu na la sita wanakaa humo humo, na mvua ikipiga bati hakuna anayesikia kitu. Kuna kijana msaidizi anayeshika wadogo. Anajua hesabu, lakini sauti yake ni ya kondakta wa daladala, na mtoto wa jirani yangu alikataa kurudi kwa sababu hiyo. Nilimwambia Mwalimu, akanijibu anamrekebisha. Ninavyosikia bado. Simba au Yanga wakija kucheza uwanja wa CCM Kirumba kituo kinafungwa, na siku hiyo hairudishwi kwenye ada. Mimi nakubaliana nao, kwa kelele zile hata mimi nisingefundisha, ila wapo wazazi wanaonung'unika. Na lile grupu! Mwalimu anatuma sauti moja, wazazi wanamwagia juu yake salamu za asubuhi, maombi na matangazo ya vitenge. Ukichelewa kufungua simu unalitafuta swali kama sindano. Alifungie, atume yeye tu.

Kama unataka mtoto wa kushindiliwa mitihani, hapa hapakufai. Mitihani iliyopita ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, anaitumia, lakini anachukua swali moja jioni nzima, na watoto wanabishana kwa nini jibu B si sahihi. Kuna mzazi alimtoa mwanawe kwa hilo, akisema wenzao wanamaliza mtihani mzima kwa siku. Alama za binti yangu shuleni zimepanda kidogo tu kwenye Hisabati, na Kiingereza kipo palepale, kwa sababu hapa Kiingereza hakina mwalimu wa maana. Hilo msaidizi wala Mwalimu hawalifichi. Na kama wewe jioni hupatikani kabisa, huna bibi wala dada wa kusikiliza, fikiri mara mbili, kwani nusu ya unachokilipia kinafanyika jikoni kwako.

Nawapa nne kati ya tano. Ile moja nimeishikilia kwa ajili ya kijana wa sauti na Kiingereza. Ukitaka kwenda, fika kabla ya saa kumi na moja, darasa likishaanza Mwalimu haongei na mtu mzima, na simu anaizima mpaka mtoto wa mwisho aondoke. Ulizia kwa mafundi cherehani. Mtoto abebe maji yake na penseli mbili, moja ya kwake na moja ya kuazimwa.