Kuni za pumba, peleti za magunzi, peleti za maranda: ipi inafaa jiko la feni?

Wanunuzi wengi wa nishati mbadala hapa Moshi huuliza kwanza mfuko unatoa jivu kiasi gani. Kwa mwenye jiko la feni, yaani lenye feni ndogo inayopuliza hewa kwenye moto, swali hilo halitoshi. Wavu wa jiko huharibiwa na jivu linaloyeyuka, hata likiwa kidogo.

Kuni za pumba za mpunga ni zile nene za pumba zilizoshindiliwa, zenye tundu katikati, na pumba zake hutoka kwenye mashine za kukoboa za ukanda wa mpunga, Chekereni na Mabogini. Kilo 1 huacha gramu 150 hadi 200 za jivu, na zaidi ya asilimia 85 ya jivu hilo ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Silika ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700, na jiko la nyumbani halifiki huko. Jivu hubaki limesimama kwa umbo lilelile la ukuni na kuyafunika makaa, hewa ikashindwa kupenya, na ndani kukabaki weusi ambao haukuungua. Gongagonga ukuni kwa koleo kila moto unapofifia. Kabla ya kulipa, angalia ngozi ya ukuni: nyufa na kumeguka ni dalili kwamba skrubu ya mashine ya kushindilia imelika, maana silika hiyohiyo husaga chuma. Kwa jiko la kuni lenye wavu mpana tunazipendekeza bila wasiwasi. Kwa jiko la feni, hapana.

Peleti, yaani vipande vidogo vilivyoshindiliwa, za magunzi ya mahindi ndizo zinazodanganya. Jivu ni asilimia 1 hadi 3 tu, huwaka haraka, na mfuko unavutia. Lakini jivu hilo limejaa potasiamu, na potasiamu ikikutana na silika, mchanganyiko huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 740 hadi 770. Silika hiyo mara nyingi huongezwa na udongo: magunzi yaliyozolewa uwanjani kwa jembe huja na vumbi, na vumbi likaingia kwenye peleti. Matokeo ni mabonge magumu yanayong'aa kama kioo, yaliyoganda kwenye matundu ya wavu. Hewa hubanwa upande mmoja na kuvuma kwa nguvu upande wa pili, na hapo wavu hupinda.

Kuna na klorini. Sehemu yake hutoka mapema, chini ya nyuzi 500, wakati peleti bado zinafuka. Inayobaki huungana na potasiamu, na chumvi hiyo huruka kama mvuke joto linapopita nyuzi 700, kisha huganda kwenye chuma chenye ubaridi kidogo kama utando mweupe. Ukiachwa kwenye chuma cha moto, utando huo huongeza kutu. Ufute kila jiko linapopoa.

Joto kali zaidi huja mwishoni, miali ya njano inapokwisha na kubaki miali mifupi ya bluu. Hapo ni makaa matupu yanayoungua, na hapo ndipo jivu huyeyuka. Punguza feni hadi ya chini kabisa mara tu uonapo bluu, au yamwage makaa kwenye debe la chuma lenye mfuniko, nje ya nyumba, maana hutoa gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi.

Mtengenezaji anaweza kuipunguza shida hii. Magunzi yaliyonyeshewa na kuanikwa upya hupoteza potasiamu na klorini nyingi, kwa kuwa zote mbili huyeyuka kwenye maji. Kaolini, udongo mweupe kama ule wa Pugu, ikichanganywa kilo 2 hadi 3 kwa kila kilo 100, huishika potasiamu katika madini yasiyoyeyuka upesi. Chokaa nayo hupandisha joto la kuyeyuka, lakini huisukuma potasiamu nyingi zaidi kwenye moshi. Kwa jikoni tunaona kaolini ni bora. Muuzaji asiyejua kama kaolini imewekwa, chukulia haimo.

Peleti za maranda ya misonobari hazina mengi ya kusemwa: jivu chini ya asilimia 1 kama hazina magome wala mchanga, kalsiamu ndiyo nyingi, na jivu hubaki unga mwepesi. Kwa jiko la feni ndizo tunazozichagua, hata bei ikizidi kidogo.

Ukitaka kuhakiki mfuko wowote, choma gramu 500 feni ikiwa juu mpaka mwisho, acha jiko lipoe, kisha pitisha jivu kwenye chekeche la unga. Likipita lote, nunua. Vikibaki vipande vigumu visivyopondeka kwa vidole, mfuko huo ni wa jiko lisilo na feni. Unga laini wa jivu la magunzi mwage kwenye migomba, una potasiamu. Vile vipande vya kioo tupa, potasiamu yake imefungwa ndani na mgomba hautaipata.