Nivôse: manowari ya Ufaransa yenye sura ya meli ya mizigo

Kontena linalovuka Malaba kuja Kampala limepita mikononi mwa watu wengi: wapakuzi wa Mombasa, madereva, maofisa wa forodha. Wasiohesabiwa ni mabaharia wa doria dhidi ya maharamia, ingawa bila wao bima ya mzigo huo ingepanda tangu baharini. Katika meli zilizofanya kazi hiyo Bahari ya Hindi, Nivôse tunaikagua kama lori linavyokaguliwa kabla halijalipiwa: injini, tangi, kasoro.

Nivôse ni frigeti, yaani manowari ya ukubwa wa kati, ya aina ya Floréal, moja kati ya sita zilizopewa majina ya miezi ya kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa. Jina lake ni la mwezi wa theluji, na makao yake ni Le Port, kisiwani Réunion, penye miwa na jua. Wafaransa nao wana utani wao. Imo kazini tangu 1992.

Iliundwa Saint-Nazaire kwa viwango vya meli za kiraia, na uamuzi huo ndio uliozaa mazuri yake na mabaya yake. Ina urefu wa mita 93.5, upana wa mita 14, na ikijaa ina uzito wa tani 2,950 hivi. Injini ni nne, Pielstick za dizeli tupu bila turbini yoyote, nguvu farasi 8,800 kwa jumla, na rafadha ni mbili. Fundi wa Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, angeielewa hesabu hiyo haraka: mashine isiyo na maringo haikulazi njiani ukisubiri kipuri cha ajabu.

Mwendo wake wa juu ni maili za baharini 20 kwa saa, yaani kilomita 37. Boda yoyote ya Kampala ingeipita barabara ikiwa wazi, na hata meli nyingi za kontena zinaishinda. Anayetaka mbio atafute nyingine. Utamu wake uko kwenye tangi: ikienda maili 15 kwa saa inafika maili 10,000 za baharini. Hizo ni saa 667, karibu siku 28 bila kuongeza mafuta. Kutoka Le Port kwa kuzunguka ncha ya kaskazini ya Madagaska hadi Mombasa ni kama maili 1,400, safari isiyofika siku nne. Toa ya kwenda na ya kurudi, bado unabaki na zaidi ya majuma mawili ya kuzurura doriani.

Basi haramia mwenye boti ya maili 25 kwa saa anakamatwaje? Jibu liko tezini, yaani nyuma ya meli, kwenye sitaha ya helikopta na banda lake. Helikopta hutangulia na kupiga risasi za onyo mbele ya boti. Meli hushusha boti za mpira zenye wanamaji wenye silaha, kisha yenyewe hufuata na kuziba njia ya kutorokea. Hapo kinachogombewa ni ushahidi. Ngazi, kulabu na roketi hutupwa majini mara mngurumo unaposikika, na aliyebaki na nyavu tu mashuani atasema ni mvuvi, hakimu atamsikiliza.

Ndiyo maana kazi ya Aprili 2009 inastahili sifa. Helikopta ilivuruga shambulio dhidi ya meli ya mizigo Safmarine Asia, lakini Nivôse haikurukia. Iliifuata mashua mama, ile kubwa inayobeba boti za mashambulizi, usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 15 ikanasa watu 11, kama kilomita 900 mashariki ya Mombasa. Walikabidhiwa Kenya.

Tarehe 3 Mei mambo yakawa ya kuchekesha. Boti mbili ziliikimbilia manowari hiyo kwa kasi, waliomo wakidhani wamepata meli ya biashara. Helikopta ikapaa, boti za mpira zikashushwa, risasi za onyo zikalia, wengine 11 wakaingia mikononi. Ubavu mnene na jengo refu katikati, ukivitazama toka usawa wa mawimbi, havitangazi manowari. Hakuna rangi ya kujificha inayoweza kununua faida hiyo. Machi 2010 meli hiyohiyo ilikamata washukiwa 35 katika siku tatu.

Mwaka huohuo Kenya ilianza kukataa washukiwa wapya, kwa hiyo kukamata kukawa rahisi kuliko kushtaki. Lawama hiyo haiangukii meli.

Kasoro zake zenyewe ni hizi. Haina sona, chombo cha kusikiliza chini ya maji, kwa hiyo nyambizi ikipita chini yake haitajua. Makombora yake mawili ya kupiga meli, Exocet MM38, yaliondolewa kwa uzee, ikabaki na mzinga wa milimita 100 omoni, yaani mbele, na midogo ya milimita 20. Dhidi ya mashambulizi ya angani ni dhaifu. Desemba 2023, droni zilipoelekezwa frigeti ya Ufaransa kwenye Bahari Nyekundu, ilikuwa Languedoc, kubwa maradufu na yenye makombora ya Aster ya kutungulia vya angani, iliyozitungua. Kuipeleka Nivôse pale ni kumtuma askari wa trafiki vitani.

Na helikopta. Banda linatosha Panther ya injini mbili, lakini kwa miaka mingi meli za aina hii zilibeba Alouette III, yenye injini moja, iliyostaafu 2022. Injini hiyo ikizimika mbali na sitaha, rubani yumo majini. Morocco ilinunua mbili za aina hii, Mohammed V na Hassan II. Atakayenunua nyingine za namna hii kwa ajili ya doria atakuwa amechagua vizuri, mradi asibane pesa kwenye helikopta.