Amazon S3 kama hifadhidata ya ufunguo na thamani

Amazon S3, huduma ya kuhifadhi data iliyozinduliwa Machi 2006, ina umbo ambalo mtu aliyezoea Redis, hifadhidata ya ufunguo na thamani, atalitambua mara moja: unatoa ufunguo, unapewa thamani yake. Ufunguo hauzidi baiti 1,024, na hakuna seva ya kuangalia usiku wala diski itakayojaa. Nimeitumia hivyo kuhifadhi stakabadhi za malipo, na naipendekeza kwa dhati, ingawa kwa masharti.

Kilichonishawishi ni uaminifu wa jibu. Kabla ya Desemba 2020 ungeweza kubadilisha thamani, ukaisoma papo hapo na kurudishiwa ile ya zamani. Tangu hapo, kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Kubwa zaidi lilikuja mwaka 2024, nalo ni uandishi wenye sharti: Agosti iliwezekana kuandika endapo tu ufunguo haujatumika, na Novemba endapo tu thamani haijabadilika tangu ulipoisoma. Bila hayo, seva mbili zinazoandika kwenye ufunguo mmoja zilifutiana kazi kimyakimya, au ilibidi kuweka hifadhidata ya pili kwa ajili ya kufuli tu (kuzuia seva mbili zisiandike kwa pamoja), na hapo urahisi wote ukapotea.

Pa kuangalia sana ni bei ya maombi, si bei ya nafasi. Kwa daraja la kawaida katika kanda ya Virginia Kaskazini, PUT 1,000 (maombi ya kuandika) hutozwa dola 0.005 na GET 1,000 (maombi ya kusoma) dola 0.0004, yaani kuandika ni ghali mara kumi na mbili na nusu kuliko kusoma. Mfumo unaoandika mara 100 kwa sekunde utalipa takriban dola 1,296 kwa siku 30, hata thamani zikiwa za baiti chache. Ukizikusanya rekodi hizo katika faili moja kila sekunde, utalipa kama dola 13. Kuorodhesha funguo nako hutozwa kwa bei ya PUT, tena kwa kurasa za funguo 1,000, kwa hiyo afadhali funguo zipangwe tangu mwanzo kwa namna utakavyozitafuta. Mimi huanza na tarehe.

Kasi ni ya wastani: thamani ndogo huchukua takriban milisekunde 100 hadi 200. Kwa stakabadhi, inayoandikwa mara moja na kusomwa kwa nadra, hiyo inatosha kabisa. Kwa salio la akaunti linalobadilika kila mara, ambapo funguo mbili lazima zibadilike pamoja au zisibadilike kabisa, ningechagua PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, bila kusita.